Dawa za Sonona na Macho Makavu: Mwongozo kwa Wagonjwa wa Masasi na Newala

Sifa zote njema ni za Allah (Subhanahu wa Ta'ala), Aliyeumba mwili na nafsi, na Akajaalia kila maradhi kuwa na tiba. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba zake wote. Amma ba'd:

Mtu ameandikiwa dawa ya sonona hospitalini. Baada ya wiki tatu usingizi umerudi, hamu ya kula imerudi, na ameanza tena kwenda shambani na kuonekana msikitini. Lakini macho yamekuwa mekundu na yanachoma, kama kwamba yameingiwa na mchanga. Akisoma Qur'ani kurasa mbili, herufi zinafifia. Jirani anamwambia dawa hizo zitampofua. Je, aache dawa ili aokoe macho, au avumilie macho ili aokoe akili?

Makala hii inajibu swali hilo kwa upande wa tiba na kwa upande wa sheria, tukizingatia hali ya kwetu kusini: Newala juu ya uwanda wa Makonde, na Masasi chini yake upande wa magharibi, ambako kiangazi ni kirefu na vumbi ni jingi.

JIBU KWA UFUPI

1. Baadhi ya dawa za sonona hukausha macho kweli. Mgonjwa anayelalamika asiambiwe kwamba ni mawazo yake tu.
2. Mara nyingi dawa haiko peke yake. Vumbi, moshi, dawa za mafua, umri na sonona yenyewe huchangia.
3. Usiache dawa ghafla wala usipunguze kwa uamuzi wako. Rudi kwa aliyekuandikia. Kuna njia kadhaa za kuyapa macho nafuu bila kuiacha sonona irudi.
4. Dawa ya matone ya macho haibatilishi saumu kwa kauli ya madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo ndiyo inayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki.
5. Maumivu makali ya jicho ya ghafla, kuona kupungua ghafla, au mawazo ya kujiua ni dharura. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

SONONA NI MARADHI, SI UPUNGUFU WA IMANI

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba zaidi ya watu milioni 280 duniani wanaishi na sonona. Dalili zake ni huzuni au kukosa raha karibu kila siku kwa muda wa wiki mbili au zaidi, kuchoka, usingizi kuharibika, kujiona huna thamani, kushindwa kufanya kazi za kawaida, na wakati mwingine kutamani kufa. Hayo si uvivu wala si kukosa swala.

Katika Suratu Yusuf, aya ya 84, Allah Anatueleza habari za Nabii Yaaqub (a.s.): alihuzunika kwa kumpoteza mwanawe mpaka macho yake yakageuka meupe. Huyu ni Mtume wa Allah, na imani yake haina shaka. Huzuni ilimfika moyoni ikafika na machoni, na Qur'ani haikumlaumu kwa hilo. Naye hakukata tamaa. Alimshitakia Mola wake, na akawaagiza wanawe waende wakatafute. Mwenye sonona anajifunza mambo mawili hapo: kuumia si dhambi, na kumtegemea Allah hakuzuii kutafuta njia.

Mtume (s.a.w.) alipoulizwa na mabedui kama wajitibu, aliwaamrisha wajitibu, akaeleza kwamba Allah hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Hadithi hiyo imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa Usama bin Sharik (r.a.). Nalo Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Kimataifa, katika kikao chake cha 7 kilichofanyika Jeddah mwaka 1992, lilieleza kwamba asili ya kujitibu ni jambo la kisheria, na kwamba tiba huwa ni wajibu pale ambapo kuiacha kutapelekea mtu kufa, kupoteza kiungo au kulemaa. Sonona kali inayomsukuma mtu kwenye kujiua inaingia humo, na jicho linaloelekea kupofuka vilevile linaingia humo.

MACHO MAKAVU NI NINI?

Machozi si ya kulilia tu. Kila unapopepesa, tabaka jembamba la machozi hutandazwa juu ya kioo cha jicho. Tabaka hilo lina maji, ute, na mafuta yanayotoka kwenye vitezi vidogo vya ukingo wa kope. Maji yakipungua, au mafuta yakiziba na machozi yakakauka upesi, kioo cha jicho hubaki wazi na kuchubuka.

Dalili zake ni kuchoma, kuhisi mchanga, wekundu, kuumizwa na mwanga, na kuona ukungu unaotoweka ukipepesa. Dalili moja huwachanganya wengi: jicho kavu linaweza kutiririka machozi. Likichubuka, mwili hujibu kwa kumwaga machozi ya maji matupu, ambayo hayakai. Kwa hiyo usiseme "macho yangu hayawezi kuwa makavu, mbona yanalia?"

Hospitali yenye huduma ya macho inaweza kupima kwa ukanda mdogo wa karatasi unaowekwa kwenye kope ya chini kwa dakika 5. Karatasi ikilowana chini ya milimita 5, maji ya machozi yamepungua sana. Pia daktari hutia rangi maalumu ili aone kama kioo cha jicho kimechubuka.

JE, NI DAWA KWELI?

Dawa ya sonona inayopatikana kwa wingi katika hospitali zetu ni amitriptilini, vidonge vya miligramu 25 ambavyo hunywewa usiku. Ni dawa ya siku nyingi, bei yake ni nafuu, na huwasaidia wengi. Lakini huzuia ishara ya neva inayoviamuru vitezi vitoe majimaji. Ndiyo maana mdomo hukauka, choo huwa kigumu, mkojo huweza kuwa mzito kutoka, na macho hukauka. Pia hulegeza msuli wa jicho unaosaidia kuona karibu. Basi mtu anaposhindwa kusoma msahafu, huenda sababu ni ukavu, huenda ni msuli huo, au vyote viwili.

Dawa nyingine ni fluoksetini, ambayo kwa kawaida hunywewa asubuhi. Hii nayo imehusishwa na macho makavu, ila kwa wagonjwa wengi ukavu wake ni mdogo kuliko wa amitriptilini. Sertralini na sitalopramu ziko katika kundi hilo hilo.

Kabla ya kuihukumu dawa, jiulize:

- Macho yalianza lini? Kama yalikuwa yakichoma kabla ya dawa, dawa huenda imeongeza tu. Kama yalianza siku chache baada ya kuanza au kuongezewa dozi, shaka juu ya dawa ni kubwa.
- Je, mdomo nao umekauka? Vikianza pamoja, dawa inahusika zaidi.
- Ni jicho moja au yote mawili? Dawa hukausha yote mawili. Jicho moja likiwa jekundu peke yake, tafuta sababu nyingine.
- Unatumia dawa gani nyingine? Klorofenilamini, ambayo wengi huiita piriton, hununuliwa dukani kwa ajili ya mafua na muwasho, nayo hukausha vilevile. Prometazini na artane ni hivyo hivyo. Mtu anayekunywa amitriptilini usiku na piriton mchana anajikausha mara mbili.
- Je, kuna maradhi mengine? Kisukari, ugonjwa wa viungo, kukoma hedhi, na upungufu wa vitamini A huchangia. Anayeshindwa kuona vizuri magharibi inapoingia aseme hospitalini.
- Je, kope zinachoma jicho? Mikoa ya Mtwara na Lindi imekuwa katika kampeni za kutokomeza trakoma, ambayo wengi tunaiita vikope. Makovu yake hugeuza kope zikaelekea ndani na kukwaruza jicho. Hapo kubadilisha dawa ya sonona hakutasaidia kitu. Kinachotakiwa ni kumwona mtaalamu wa macho, na pengine upasuaji mdogo wa kope.

Sonona yenyewe pia ina mchango. Asiyelala usiku macho yake hayapumziki, na nafsi iliyochoka huhisi maumivu kwa ukubwa zaidi. Macho yakiuma, huzuni huongezeka. Huzuni ikiongezeka, macho huuma zaidi.

Njia nyepesi ya kupata ukweli ni daftari. Kwa siku 14 andika kila jioni: dawa ulizokunywa na saa, hali ya macho kwa alama kuanzia 0 hadi 10, hali ya moyo kwa alama hizo hizo, na ulikuwa wapi siku hiyo, jikoni, shambani au barabarani. Daktari akiliona daftari hilo ataelewa mengi kwa muda mfupi.

KWA NINI USIACHE DAWA PEKE YAKO

Wanazuoni wana kanuni ya fiqhi inayofahamika: dhara haliondolewi kwa dhara lililo mfano wake, seuze kwa dhara kubwa zaidi. Ukavu wa macho ni dhara, na tunapaswa kuliondoa. Lakini kuliondoa kwa kuiacha sonona irudi ni kukimbia mvua na kutumbukia mtoni.

Ukiacha ghafla, mwili huweza kujibu kwa kizunguzungu, kichefuchefu, kukosa usingizi, hasira na kutokwa jasho. Hayo hupita. Kinachotisha ni kurudi kwa sonona, ambako kunaweza kuchukua wiki kadhaa. Mtu huona wiki ya kwanza yuko salama, macho yamepata nafuu, akasema "kumbe sikuihitaji." Wiki ya sita yuko kitandani tena.

Jua pia kwamba dawa hizi haziponyi kwa siku moja. Nafuu huanza kuonekana kati ya wiki 2 na 4, wakati mwingine zaidi. Na mtu akishapata nafuu kamili hushauriwa kuendelea kwa miezi 9 hadi 12, kisha dawa ipunguzwe kidogo kidogo chini ya uangalizi. Anayeacha mwezi wa pili kwa sababu amejisikia vizuri ni kama aliyepalilia shamba nusu akaenda zake.

NINI CHA KUOMBA KWA DAKTARI

Rudi pale ulipoandikiwa, iwe Hospitali ya Mkomaindo mjini Masasi, hospitali ya Newala, au kituo chako cha afya. Mwambie wazi: "Dawa imenisaidia hivi na hivi, lakini macho yangu yamekuwa hivi tangu tarehe fulani." Kuna mambo ambayo anaweza kuyafikiria:

Kwanza, kusubiri huku macho yakitibiwa. Ukavu unaotokana na amitriptilini huweza kupungua mwili unapozoea. Kama macho yanaudhi lakini hayajachubuka, na moyo umepata nafuu kubwa, matone ya machozi bandia yanaweza kutosha.

Pili, kupunguza dozi. Huenda kiasi kidogo zaidi kinatosha. Lakini kupunguza huku kunafanywa na daktari, kwa hatua, na mgonjwa anatazamwa kama sonona inarudi.

Tatu, kubadilisha dawa. Mara nyingi ni kutoka amitriptilini kwenda fluoksetini. Hapa pana tahadhari kubwa: fluoksetini huzuia ini kuivunja amitriptilini, na kiwango chake katika damu hupanda. Usinunue fluoksetini dukani ukaichanganya na vidonge ulivyo navyo nyumbani. Mabadiliko haya yana mpangilio wake.

Nne, kuondoa dawa nyingine zinazokausha. Pengine kosa si la dawa ya sonona bali ni la piriton.

Tano, tiba ya mazungumzo. Kwa sonona nyepesi, ushauri nasaha wenye mpangilio unaweza kutosha bila vidonge. Kwa sonona ya kati na kali husaidia ukiambatana na dawa. Uliza kama kuna mtaalamu wa afya ya akili au afisa ustawi wa jamii hospitalini hapo.

Kama macho hayatulii, omba rufaa ya huduma ya macho. Wakazi wa Masasi wanaweza kuuliza Hospitali ya Ndanda, iliyo katika wilaya yao. Mbele zaidi kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, zote Mtwara, karibu kilometa 200 kutoka Masasi. Nauli si ndogo, kwa hiyo piga simu au uliza kwanza siku za kliniki. Mwambie daktari wa macho kwamba unatumia dawa ya sonona, na mwambie daktari wa sonona alichosema wa macho. Wagonjwa wengi huona haya kumtajia mmoja dawa ya mwenzake, na hapo ndipo makosa hutokea.

KUYATUNZA MACHO NYUMBANI NA SHAMBANI

Machozi bandia. Haya ni matone yasiyo na dawa kali, kazi yake ni kulowanisha. Kwa kawaida hutiwa mara 4 kwa siku. Nawa mikono, vuta kope ya chini, tia tone moja bila ncha ya chupa kugusa jicho, fumba, kisha bonyeza taratibu pembe ya jicho iliyo karibu na pua kwa dakika moja au mbili. Chupa nyingi hutupwa wiki 4 baada ya kufunguliwa hata kama haijaisha. Ukihitaji kutia zaidi ya mara 6 kwa siku, ulizia yasiyo na vihifadhi, kwani vihifadhi vikizidi huchubua.

Kitambaa cha uvuguvugu. Chovya kitambaa safi kwenye maji safi ya uvuguvugu, kamua, weka juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika 5 hadi 10, kisha sugua ukingo wa kope taratibu. Hii huyeyusha mafuta yaliyoganda kwenye vitezi. Maji yasiwe ya moto wa kuunguza.

Moshi wa kuni. Pikia nje au mahali penye hewa, tumia kuni zilizokauka, na kaa upande ambao upepo unatokea. Anayeumwa macho apunguziwe zamu ya jikoni. Hii ni sadaka ya watu wa nyumbani.

Vumbi la salfa. Hili ni la kwetu hasa. Kuanzia katikati ya mwaka wakulima wa korosho hupulizia salfa dhidi ya ubwiriunga, na unga wake huelea shamba zima. Salfa huchoma hata jicho zima, seuze lililokauka kwa dawa. Mwenye tatizo hili asiwe mpuliziaji. Akilazimika, avae miwani inayofunika pande zote na barakoa, asimame upande unakotoka upepo, na anawe uso kwa maji safi akimaliza. Huenda mtu akailaumu dawa ya sonona kwa miezi mitatu, kumbe macho yake yanachafuka kila msimu wa kupulizia. Daftari litamwonesha.

Maji. Uwanda wa Makonde unajulikana tangu zamani kwa shida ya maji, na kina mama wameteremka mabondeni kuyatafuta kwa vizazi vingi. Hata hivyo maji yanayogusa macho yawe safi, yaliyochemshwa yakapoa. Tenga chombo kidogo chenye mfuniko kwa ajili hiyo tu.

Kupepesa. Anayesoma, anayeshona au anayetazama simu husahau kupepesa. Kila baada ya kurasa chache inua uso, fumba macho, uyafungue, kisha endelea.

VITU VYA KUEPUKA

Usitie machoni mkojo, maziwa ya mama, majani yaliyopondwa, wala asali ya kienyeji. Kioo cha jicho kilichochubuka hupata vidonda upesi, na kidonda kikipona huacha kovu jeupe.

Usinunue matone yenye steroidi, kama deksamethasoni, bila kuandikiwa. Huondoa wekundu kwa haraka, na ndiyo maana watu huyapenda, lakini yakitumiwa ovyo huleta presha ya macho na mtoto wa jicho, na huficha maambukizi.

Kuhusu wanja: ni kweli kwamba Mtume (s.a.w.) alisifu ithmid. Lakini wanja mwingi wa sokoni si ithmid, na baadhi una madini ya risasi, ambayo ni sumu. Jicho linaloumwa lisipakwe wanja mpaka lipone, na kuacha huku si kuacha Sunna.

Kuhusu ruqya: kumsomea mgonjwa Qur'ani na kumwombea dua ni jambo jema, nalo linakwenda pamoja na dawa. Anayemwambia mgonjwa atupe vidonge ndipo asomewe amemtwisha sharti ambalo sheria haikuliweka.

SAUMU NA UDHU

Matone ya macho mchana wa Ramadhani. Kwa Mashafi'i na Mahanafi, kinachotiwa jichoni hakifunguzi, hata kama ladha yake itahisiwa kooni, kwa kuwa jicho si tundu la kupitishia chakula. Malik na Ahmad wanaona kwamba kikifika kooni kinafunguza. Baraza la Fiqhi, katika kikao cha 10 kilichofanyika Jeddah mwaka 1997, liliyahesabu matone ya macho miongoni mwa visivyofunguza, ikiwa mtu atajiepusha kumeza kilichopenya kooni. Anayetaka kutoka katika khitilafu abonyeze pembe ya jicho kama tulivyoeleza, kwani hapo ndipo penye mfereji unaoelekea puani na kooni, na akihisi ladha ateme.

Vidonge. Kumeza kidonge mchana kunafunguza. Lakini amitriptilini ni ya usiku kwa asili yake, na fluoksetini ya asubuhi inaweza kuhamishiwa wakati wa daku. Mwone daktari kabla ya mwezi kuingia mpange pamoja. Haifai kuacha dawa mwezi mzima ili kufunga.

Anayedhurika kwa kufunga. Mdomo kukauka, kizunguzungu na udhaifu vinaweza kuzidi kwa saa 13 hivi bila maji. Daktari mwaminifu akimwambia kufunga kutamdhuru, ana ruhusa iliyotajwa katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, na atalipa siku hizo akipona. Kama maradhi hayatarajiwi kupona, atatoa fidya. Asione haya kula mchana kwa siri nyumbani kwake. Ruhusa ya Allah si aibu.

Udhu. Si lazima kuosha ndani ya jicho, na maji safi ya udhu hayadhuru jicho kavu la kawaida. Aliyepaka dawa ya tyubu usiku aifute kope kabla ya udhu wa Alfajiri ili maji yafike. Aliyekatazwa na daktari maji yasiguse jicho, kwa mfano baada ya upasuaji wa kope, aoshe sehemu ya uso iliyo salama na atayamamu kwa ajili ya ile iliyobaki.

DALILI ZA HATARI

Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukiona:

- maumivu makali ya jicho pamoja na kichwa, kutapika, au kuona duara za rangi kuzunguka taa. Amitriptilini huweza kuamsha aina ya presha ya macho ya ghafla kwa wenye jicho la umbile hilo, na saa chache zina thamani;
- kuona kupungua ghafla, au doa jeupe juu ya kioo cha jicho;
- usaha, au jicho kuvimba;
- kushindwa kabisa kukojoa, au moyo kwenda mbio na kuzimia;
- mawazo ya kujiua, kuaga watu, au kugawa mali bila sababu.

WAJIBU WA FAMILIA NA MSIKITI

Katika koo zetu za Wamakonde, Wamakua na Wayao, mjomba na bibi wana sauti kubwa. Neno lao moja linaweza kumrudisha mgonjwa kliniki au kumtoa. Tunawaomba wazee wetu: mkimwona kijana au mama amepata nafuu ya moyo lakini analalamika macho, msimwambie atupe dawa. Msindikizeni akaulize.

Nyumba yenye mgonjwa wa sonona ifungie viuatilifu vya mikorosho kwenye sanduku lenye kufuli, na ufunguo awe nao mtu mwingine. Vidonge navyo vitunzwe na mtu mzima anayeaminika. Amitriptilini ikinywewa nyingi kwa pamoja huharibu mapigo ya moyo na kuua. Allah Ametukataza kujiua katika Suratun Nisaa, aya ya 29, na katika aya hiyo hiyo Ametukumbusha kuwa Yeye ni Mwenye huruma kwetu. Ulinzi huu ni sehemu ya huruma hiyo.

Maimamu na walimu wa madrasa wanaweza kulitaja jambo hili katika khutba bila kumtaja mtu. Siku za kungoja malipo ya korosho, madeni yanapobana na ada zinapodaiwa, nyoyo nyingi hulemewa. Kumtembelea ndugu asiyeonekana swala tatu nne, kumchangia nauli ya kwenda Ndanda au Mtwara, kumsomea mzee msahafu ambaye macho yake yamechoka: yote haya ni ibada.

HITIMISHO

Ndugu msomaji, jicho ni amana na akili ni amana. Sheria haikukutaka uchague moja na kuitupa nyingine. Anza na daftari, rudi kwa aliyekuandikia, tunza macho yako, na endelea kumeza dawa mpaka uambiwe vinginevyo na mwenye elimu ya jambo hilo. Kwa walio wengi, njia ya kubaki na vyote viwili ipo.

Tunamwomba Allah Awape shifaa wagonjwa wetu wote, Awaondolee hamu na huzuni, na Awarudishie nuru ya macho na ya nyoyo kama Alivyomrudishia Nabii Yaaqub (a.s.). Amin.

Wallahu a'lam. Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.